WAHAMIAJI NA WAKIMBIZI: TUULIZE KWANZA KILICHOWATOA KWAO

 

Wapenzi wanafunzi, katika jarida la mwaka huu sisi walimu tumeona tuziache kidogo habari za nidhamu na mitihani, ambazo mmezizoea na huenda mmezichoka, tuzungumzie jambo linalopita mbele ya macho yetu hapa Mpemba. Kila anayeishi kando ya barabara hii ameliona. Lori limesimamishwa, turubai limefunuliwa, na chini ya magunia wanatolewa vijana wembamba, midomo imewakauka, hawajui Kiswahili isipokuwa neno "maji". Wanakalishwa chini kwa mistari. Watu wanakusanyika, wengine wanapiga picha kwa simu. Na mtoto wa miaka minane, ambaye asubuhi alikuwa mbele yetu akisoma alifu kwa kijiti, anapiga kelele pamoja na wenzake: "Haramu! Haramu hao!"

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Magazeti na redio wametuzoesha kusema "wahamiaji haramu", nasi tumelipokea bila kulipima. Lakini haramu ni neno letu sisi watu wa madrasa. Tunalifundisha katika fiqhi tangu darasa la kwanza na tunajua linakaa wapi. Riba ni haramu. Dhuluma ni haramu. Nyamafu ni haramu. Hukumu hiyo hushika matendo na vitu. Mwanadamu, ambaye Mola wake amemkirimu, hawi haramu kwa sababu amevuka mto Songwe bila karatasi. Yawezekana amevunja sheria ya nchi, na hilo tutalifikia. Basi na aitwe aliyeingia bila kibali. Ni maneno marefu kidogo, hayafai kwa kichwa cha habari, lakini ni ya kweli.

Katika darasa la jioni kijana mmoja alituuliza: "Ustadhi, kwani hawa Wahabeshi wanakimbia nini, mbona kwao hakuna vita?" Mwenzake akamjibu kabla yetu kwamba wanakimbia njaa. Wa tatu akasema wanafuata hela Bondeni, yaani Afrika Kusini. Tuliwaacha wajibizane, maana kila mmoja alikuwa na sehemu ya jibu na hakuna aliyekuwa nalo zima.

Tuanze na kwa nini wanapita kwetu. Mpemba ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Mbeya inaendelea hadi Tunduma na kuingia Nakonde, Zambia. Na hapa hapa Mpemba inachepuka barabara ya Isongole, kilomita 50.3, inayokwenda Ileje hadi mpaka wa Malawi. Mwenye kwenda kusini kwa nchi kavu akitokea kaskazini atapita huku au kule. Na mpaka wenyewe si wa kale. Waingereza na Wajerumani waliukubaliana katika mkataba wa Julai 1890 wakiwa kwao Ulaya, ukawakata Wanyamwanga vipande viwili, na hadi leo shangazi yuko Nakonde na mpwa wake yuko Tunduma. Mpwa huyo akivuka kwa njia ya panya kuwahi msiba, hatujamsikia mtu akimwita haramu.

Wengi wa hao tunaowaona wanatoka kusini mwa Ethiopia, hasa nchi ya Hadiya na Kambata, karibu na mji wa Hosaena. Hupita Moyale na kuingia Kenya, kisha huingia Tanzania kwa njia za pembeni za Kilimanjaro na Tanga au kwa vyombo vya baharini, na kutoka huko ni lori hadi kwetu. Kule kwao watu ni wengi na ardhi ni finyu. Baba mwenye shamba dogo na wana watano akiligawa, kila mmoja hupata kipande kisichotosha kulisha mke na watoto. Miaka ya mwanzo ya 2000 vijana wa kwanza walifika Afrika Kusini, wakafungua maduka madogo katika vitongoji vya huko, wakaanza kutuma fedha. Nyumba mpya zikaonekana vijijini. Tangu hapo kijana anayebaki nyumbani huonekana mzembe, hata mchumba hapati kwa urahisi.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalizingatii. Maskini wa mwisho kabisa hafiki Mpemba. Safari hii ina gharama kubwa, na asiye na kitu hawezi hata kuianza. Anayefika hapa ni yule ambaye familia yake iliuza ng'ombe, ikaweka shamba rehani, ikakopa kwa wajomba na majirani, ili mtoto mmoja aende na awainue wote. Kwa hiyo kijana unayemwona amekaa kwenye vumbi amebeba deni la watu kumi. Mnashangaa kwa nini wengine wakirudishwa kwao hurudi tena barabarani? Deni halikurudishwa pamoja nao. Sisi tunaona kwamba anayemwelewa kijana huyu kwa neno "njaa" peke yake hajamwelewa.

Wala si kweli kwamba kwao hakuna vita. Mwezi Novemba 2020 vita vilizuka katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vikadumu miaka miwili hadi mapatano yaliyotiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Zaidi ya watu 60,000 walikimbilia Sudan. Mwezi Aprili 2023 vita vikazuka Sudan kwenyewe, na waliokimbilia huko wakalazimika kukimbia mara ya pili. Oromia kumekuwa na mapigano kwa miaka mingi, na Amhara tangu 2023. Eritrea kijana huingizwa katika utumishi wa jeshi usiojulikana mwisho wake, na anayetoroka huhesabiwa msaliti. Somalia serikali ilianguka mwaka 1991, na wapo watu wazima wenye watoto ambao hawajapata kuiona nchi yao ikiwa na amani.

Basi katika lori moja anaweza kulala aliyeuziwa ndoto na dalali, na ubavuni mwake yule ambaye ndugu yake aliuawa. Askari wanapolifunua turubai wote wana vumbi lile lile na wote wanasema "maji".

Sheria ya dunia inajaribu kuwatenganisha. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila lake, dini yake, utaifa wake, kundi la jamii analotoka, au maoni yake ya kisiasa. Afrika tuliona maana hiyo haitutoshi. Wakuu wa nchi walipokutana Addis Ababa mwezi Septemba 1969 chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walimwongeza pia yule anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni, au machafuko makubwa katika nchi yake au sehemu yake. Kwa maana hiyo mama wa Kongo anayekimbia risasi zisizomlenga yeye hasa naye ni mkimbizi, bila kuulizwa ushahidi kwamba alitafutwa kwa jina. Mikataba yote miwili haimtaji anayekimbia shamba dogo na deni. Huyo ni mhamiaji, na nchi ina haki ya kumwambia arudi.

Sisi hatupingi kuwepo kwa tofauti hiyo. Nchi isiyojua nani anaingia haiwezi kuwalinda hata hao waliokimbilia kwake. Tunachosema ni kwamba tofauti hiyo haionekani kwa macho, wala haijulikani kwa kupiga kelele barabarani. Inajulikana kwa kumuuliza mtu na kumsikiliza.

Na katika hili mwalimu wetu ni mfalme wa huko huko Uhabeshi.

Sira mnaijua, lakini isomeni tena mkiwa na barabara ya Mpemba akilini. Mwaka wa tano wa utume, takriban mwaka 615, mateso ya Makka yalipozidi, Mtume (s.a.w.) aliwaambia wafuasi wake wavuke bahari kwenda kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Kundi la kwanza walikuwa watu wapatao kumi na watano, wakiwamo Othman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Walitoka kwa siri hadi pwani, wakapanda majahazi. Baadaye wakawafuata wengine, wanaume peke yao wakazidi themanini. Hawakuwa na barua ya mwaliko wala kibali cha mtu. Tukiyatumia maneno ya redio zetu tungewaitaje?

Makureshi wakawatuma watu wawili, Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia, pamoja na zawadi za ngozi nzuri kwa mfalme na kwa wakuu wake mmoja mmoja. Zawadi za wakuu zilitangulizwa, ili mfalme atakapotaka ushauri wote waseme neno moja: wakabidhi hao wapumbavu kwa watu wao, maana watu wao ndio wanaowajua zaidi. Mpango ulikuwa wakabidhiwe kabla hawajafungua midomo. Najashi akakataa. Alisema hatamtoa mtu aliyeomba ujirani wake mpaka amwite na amsikie. Wakaitwa. Akasimama Jaafar bin Abi Talib, akaeleza walivyokuwa zamani, alivyowajia Mtume, na walivyoteswa hata wakatoka. Akamsomea mfalme mwanzo wa Sura Maryam, mfalme akalia. Zawadi zikarudishwa kwa wenyewe na wakimbizi wakabaki kwa amani.

Tazameni utaratibu wake. Aliuliza. Alisikiliza pande mbili. Hakuwarudisha watu mikononi mwa watesi wao. Ibara ya 33 ya ule mkataba wa 1951, inayokataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini, ilikuja zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu baada ya baraza lile. Na msisahau kwamba siku ile Najashi alikuwa Mkristo aliyewapokea watu wa dini asiyoijua. Tunalisema hili kwa sababu tumewasikia baadhi yenu mkiulizana kama hao wa kwenye malori ni Waislamu. Wengi wa watu wa Hadiya na Kambata ni Wakristo, wengine ni Waislamu. Ndugu zangu, swali hilo halikuulizwa kule Aksum. Sura At-Tawba, aya ya 6, inamzungumzia hata mshirikina anayeomba hifadhi, kwamba apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani.

Katika mji mdogo wa Negash, jimbo la Tigray, upo msikiti na makaburi ambayo wenyeji wanayanasibisha na mfalme huyo na masahaba waliohamia kwake. Msikiti huo ulipigwa na kuharibiwa mwishoni mwa 2020 katika vita tulivyovitaja. Nchi iliyowapa hifadhi Waislamu wa kwanza, leo watu wake wanaomba maji Mpemba.

Wapo watakaosema: sawa, lakini Mtume (s.a.w.) naye aliheshimu utaratibu wa kuingia mji wa watu. Ni kweli, tena ushahidi wake una nguvu. Aliporudi kutoka Taif, baada ya kupigwa mawe, hakuingia Makka hivi hivi ingawa ndio mji aliozaliwa. Alituma ujumbe kuomba ulinzi, na Mutim bin Adiy, ambaye hakuwa Mwislamu, akakubali, akatoka na wanawe wakiwa na silaha, ndipo Mtume akaingia. Kwa hiyo hatuwafundishi kwamba mipaka ni upuuzi. Tunawafundisha kwamba anayebisha hodi ajibiwe. Na Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 imeweka mlango wa kubishia: anayetafuta hifadhi anatakiwa ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, na mmoja wa watu anaoweza kwenda kwao ni afisa mtendaji wa kijiji. Ni wangapi kati yetu tunalijua hilo? Na yule aliyefichwa chini ya magunia kwa siku tisa, asiyejua hata yuko nchi gani, atalijuaje?

Watanzania tunapenda kusema sisi ni watu wakarimu, na kwa sehemu kubwa historia inatushuhudia. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo ambazo leo ziko mkoa wa Katavi. Walilima wenyewe na kulipa kodi, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 1983. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Mwezi Mei 2015 Warundi walijaa katika kijiji kidogo cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingilia, na ile meli kongwe ya Liemba ikafanya kazi ya kuwahamishia Kigoma. Tena wapo wale wa Somalia ambao mababu zao walikuwa Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19. Vita vilipowatoa bonde la Juba walikuja Handeni, wakakuta bado wanaelewana na wenyeji kwa Kizigua. Mababu walitolewa kwa kamba, wajukuu wakarudi kwa miguu, na serikali ikawapa uraia wengi wao.

Lakini tusiandike nusu ya habari. Mwaka 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi watu wakiwa bado wanakimbia. Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na waliosita wakasukumwa na askari. Sababu zilikuwapo: misitu ilikwisha kwa kuni, silaha zilizagaa, na waliofanya mauaji ya 1994 walikuwa wamejificha kambini miongoni mwa wasio na hatia. Ukarimu huchosha, hasa unapobebwa na wilaya mbili tatu maskini za mpakani huku wenye uwezo wakitazama kwa mbali. Hata leo, anayedhani kwamba wakimbizi wote wa dunia wanakwenda Ulaya hajatazama hesabu. Mwishoni mwa 2024 watu waliong'olewa makwao kwa vita na mateso duniani walikuwa milioni 123.2, na wengi wao hata mipaka ya nchi zao hawakuivuka. Waliovuka, wengi wako nchi jirani. Uganda peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.7.

Na sisi wenyewe tumewahi kukimbia. Kijana wa leo huenda hajaambiwa kwamba baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 kule Zanzibar, zaidi ya watu 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari kwa mashua na ngalawa hadi Shimoni, Kenya, wakaandikishwa kuwa wakimbizi. Watanzania. Kenya haikuwaita haramu.

Sasa tuje kwenye lililo gumu zaidi, maana linatuhusu humu ndani.

Biashara ya kuwavusha watu hawa ina faida kubwa na ina mikono mingi: dalali wa kwao, dalali wa Nairobi, dereva, utingo, mwenye nyumba ya kuwafichia, na mwishoni kijana wa bodaboda anayejua njia. Huyo wa mwisho hutafutwa miongoni mwenu. Tunaye kijana, jina lake tunalihifadhi, aliyesoma hapa na alikuwa na sauti nzuri ya tajwidi. Alipewa kazi ya kuwapokea watu usiku kwenye shamba la miti na kuwasogeza karibu na mpaka. Kwa usiku mmoja alipata zaidi ya anayoipata mwalimu wa madrasa kwa mwezi, jambo ambalo si gumu sana. Safari ya tatu mmoja wa abiria, kijana wa rika lake, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukunjwa siku nyingi, hawezi kusimama wala kushika pikipiki. Mwenye kazi akamwambia kwa simu: huyo mwache. Akamwacha. Asubuhi akina mama waliokuwa wakienda shambani wakamkuta, yu hai, alhamdulillahi.

Kijana wetu alikuja kwetu na fedha zile kwenye bahasha, akauliza kama anaweza kuzitoa sadaka. Tulimjibu yanayosemwa na wanazuoni, kwamba mali ya namna hiyo haitolewi kwa kutaraji thawabu. Hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe asipojulikana hupewa wahitaji kwa nia ya kujivua nayo tu. Mwenyewe ni nani hapa? Ni yule mzee wa Hosaena aliyeuza ng'ombe wake. Hatukuwa na njia ya kumpata.

Msidhani yule wa shamba la miti ndiye wa bahati mbaya. Mwezi Juni 2012 mkoani Dodoma zilipatikana maiti zaidi ya 40 za Wahabeshi waliokosa hewa ndani ya lori, dereva akawatupa porini, waliokufa na waliokuwa hai pamoja. Tarehe 24 Machi 2020 lori lililotoka Malawi lilifunguliwa katika mkoa wa Tete, Msumbiji: ndani ya kontena walikuwa watu 78, na 64 walikuwa wamekufa. Oktoba 2022 lilifukuliwa kaburi la pamoja katika msitu wa Mzimba, kaskazini mwa Malawi, lenye miili zaidi ya 25. Desemba mwaka huo huo wanaume 27 walikutwa wametupwa kando ya barabara Ngwerere, karibu na Lusaka, na mmoja akiwa bado anapumua. Tazameni ramani muone Malawi na Zambia zinafikiwaje na mtu atokaye kaskazini. Hatusemi kwamba wote hao walipita hapa, hilo hatuna ushahidi nalo. Tunasema malori ya namna hiyo hupita hapa, na mtu fulani huwaonyesha njia.

Kwa hiyo msimamo wetu walimu ni huu, na anayeupinga aje tujadiliane. Kupokea fedha ili kumficha au kumvusha mtu si msaada, hata ukijiambia unamsaidia Mwislamu au maskini mwenzio. Msaada hauna bei ya kichwa kimoja kimoja. Sheria ya nchi inakataza, na fiqhi inaikataa kwa sababu ya hatari iliyomo: unamtia mtu mahali ambapo unajua anaweza kufa. Lakini kumpa maji na chapati aliyekalishwa chini na askari, kwa kumwomba askari idhini, hakujapata kumtia mtu matatani hapa kwetu. Tumeshuhudia askari wenyewe wakituma watoto dukani. Na ukisikia kugongwa ndani ya kontena lililoegeshwa, usingoje kujua ni wahamiaji au wakimbizi. Piga kelele, ita watu, mwite mtendaji au polisi. Ikibidi wakamatwe wakiwa hai, ni afadhali kuliko wasikamatwe kamwe.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi mnaotazama magari yanayoelekea Nakonde na kupiga hesabu za kwenu. Tunawajua. Bondeni wapo vijana wa Mbeya, wa Tunduma, wa Vwawa. Wengine wamefanikiwa na wamejenga. Kuhama kutafuta riziki hatukukatazi, wala dini haikukatazi, na Sura An-Nisaa, aya ya 97, inawalaumu waliobaki wakionewa ilhali ardhi ya Mungu ilikuwa na nafasi. Sisi wenyewe mababu zetu hawakuota Mpemba kama uyoga. Lakini jueni kwamba mwezi Mei 2008 wageni walishambuliwa katika vitongoji vya Johannesburg na miji mingine ya Afrika Kusini, wakafa watu zaidi ya 60, wengine kwa kuchomwa moto, na mashambulizi yamerudi tena miaka kadhaa baadaye. Waliotafutwa walikuwa Wamalawi, Wazimbabwe, Wamsumbiji, Wasomali wenye maduka, na yeyote ambaye ngozi yake au Kizulu chake kilimfichua. Huko mgeni pia ana jina lake. Humwita "kwerekwere", kwa sababu masikioni mwao lugha yake ni kelele tu.

Atakayeazimia kwenda, atafute hati ya kusafiria, aage wazazi, aandike anuani ya atakayemfikia, na apite getini mchana.

Katika muhula ujao, Alhamisi ya kwanza baada ya Isha, darasa la juu tutasoma kisa cha Jaafar kwa Najashi kwa Kiarabu, sentensi kwa sentensi. Kila mmoja aje na daftari, na mwenye ramani ya Afrika aje nayo, maana ya madrasa imechanika pale pale kwenye Ethiopia.

Wabillahi tawfiq.